Koti la Mkuu wa Ukumbi na Kigimbi Changu

Jumanne, 4 Machi

Mkuu wa ukumbi amestaafu. Hatimaye! Koti lake jeusi lenye vifungo vya shaba limebaki likining'inia ofisini kwa meneja. Nimepita mbele ya mlango ule kutwa nzima, kila mara na sababu mpya. Wahudumu wote wa hoteli wanajua koti lile ni langu. Nimebeba trei katika ukumbi ule tangu nilipokuwa na nywele.

Jioni meneja akatuita jikoni. Akasema amepata maombi mawili, langu na la Springi. Springi! Mtu wa juzi tu. Wanamwita hivyo kwa sababu anatembea akidunda, na wageni wanampenda, wanamwita hata wakiwa wamekaa kwenye meza zangu. Meneja akasema hawezi kuchagua, tena amechoka na barua zangu. Kwa hiyo michezo ya wafanyakazi, Jumamosi ya wiki ijayo, ndiyo itakayoamua. Mbio za trei. Glasi zimejaa maji hadi juu, kutoka mlango wa jikoni hadi getini, kuzunguka bustani na kurudi. Atakayemwaga ametoka. Atakayeweka trei chini ametoka. Atakayetangulia anavaa koti.

Ningefurahi kabisa kama si kigimbi. Usiku wa kuamkia leo msuli umenikaza tena usingizini. Shavu la mguu wa kulia likawa gumu kama jiwe, vidole vikaelekea chini vyenyewe, nikapiga yowe na teke kwa pamoja. Yowe lilikwenda kwa majirani. Teke lilikwenda kwa mke wangu. Asubuhi akachukua mto wake akahamia chumba cha watoto. Hakugomba. Alisema tu kwamba mto utarudi miguu yangu ikitulia.

Kinachoniuma roho ni hiki: Springi amepanga chumba cha jirani, katikati ni ukuta tu. Nilimsikia akikoroma fofofo. Sakafu tunayokanyaga ni moja, trei ni zilezile, na yeye analala! Tena aliyempa habari kwamba chumba kile kiko wazi ni mke wangu mwenyewe.

Nitalipata koti. Mwanamke hawezi kulala chumba cha watoto wakati mumewe ni mkuu wa ukumbi.


Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda kwa daktari. Nilikwenda kutafuta tiba, sina nia mbaya na mtu.

Daktari akanikandakanda mguu. Akasema mara nyingi hata wao hawajui sababu hasa, lakini kwa watu wanaotumikisha miguu yapo mambo yanayojulikana kuchangia. Kusimama kutwa kwenye sakafu ngumu. Kuongeza mazoezi ghafla, mwili haujazoea. Kutoka jasho bila kunywa maji ya kutosha. Viatu vibaya. Kulala vidole vya miguu vimeelekezwa chini, hasa mtu akijifunika blanketi zito lililochomekwa kwa nguvu chini ya godoro.

Hapo ndipo akili yangu ilipofunguka. Kumbe mambo haya hayachagui! Yanaweza kumpata mtu yeyote, basi kwa nini yanipate mimi peke yangu? Nikamwomba daktari arudie taratibu. Akarudia. Nikamwomba tena kipengele cha blanketi. Akasema hajapata kuona mgonjwa msikivu hivi.

Baada ya hapo akaanza kueleza namna ya kujikinga. Kitu fulani kuhusu ukuta, na kisigino, kila siku kabla ya kulala. Sikukishika vizuri. Mawazo yangu yalikuwa yameshafika chumba cha jirani. Nilimshukuru sana nikaondoka.


Ijumaa, 7 Machi

Nimeanza na maji.

Jikoni tuna jagi la wafanyakazi, linakaa kwenye rafu karibu na mlango. Kabla ya watu kufika nimelichukua nikalificha stoo, nyuma ya magunia ya viazi. Nikajipongeza. Siku yenyewe ilikuwa ya joto la kuchemsha ubongo na ukumbi ulijaa wageni wa harusi.

Springi akaja na chupa yake! Chupa kubwa, anayo kila siku, sikuwahi kuitilia maanani. Anapiga funda moja, anapeleka supu, anarudi, anapiga funda jingine. Wengine walipolikosa jagi akawagawia. Wote wakamwita kaka. Akanijia na mimi, akaninyooshea, akasema bro, kunywa, umekauka midomo. Nikamwambia asante, mimi sina kiu.

Nilikuwa na kiu ya kufa mtu. Nikajipenyeza kwenda stoo kulifuata jagi langu, nikamkuta mpishi mkuu ameketi palepale mlangoni anamenya viazi. Alimenya hadi machweo. Kweli kwa kawaida pia sinywi nikiwa kazini, maana ukinywa utakwenda msalani, na ukienda msalani Springi atachukua meza zako. Lakini leo ilikuwa zaidi.

Usiku nimebanwa miguu yote miwili. Mayowe mawili. Asubuhi mtoto wangu mdogo ameniuliza kama nilikuwa naota ng'ombe.


Jumapili, 9 Machi

Blanketi! Huu ulikuwa mpango safi, hata sasa sioni kosa langu liko wapi.

Jana nilinunua blanketi zito kuliko yote dukani. Muuzaji alilibeba kwa mikono miwili. Nikabisha hodi kwa Springi, nikamwambia sisi ni majirani na ndugu wa kazi, hizi chuki za koti hazifai, nimekuletea zawadi. Machozi yalimlengalenga. Nikaona aibu kidogo. Ikapita.

Nikasisitiza nimtandikie mwenyewe. Akakataa, nikamwambia nitakasirika. Nikalichomeka upande wa miguuni, ndani kabisa chini ya godoro, nikalikaza hadi shuka likalia. Hapo hata kidole gumba hakiwezi kusimama. Nikarudi kwangu nikakaa kitandani nasubiri yowe.

Kimya. Baada ya muda nikasikia mlango wake, kisha sauti ya mke wangu ikishukuru. Nikatoka mbio. Springi alikuwa amemletea lile blanketi! Akaniambia bro, usinielewe vibaya, mimi nikijifunika kitu kizito miguuni silali, na nimesikia shemeji analala chumba chenye baridi, basi tumweke shemeji mbele. Shemeji!

Mke wangu amelala nalo. Leo asubuhi amesema hajawahi kulala vizuri namna ile, na kwamba hana haraka ya kuurudisha mto. Kwa hiyo nimetoa fedha zangu ili mke wangu akae mbali nami kwa raha zaidi. Na sifa amepewa Springi.


Jumanne, 11 Machi

Nimekwenda kwa meneja kwa siri. Nimemwambia Springi anaona haya kusema, lakini moyo wake uko kwenye baraza la juu, ghorofani, anapenda kuhudumia kule. Ngazi za kule ni nyingi na nyembamba, kila sahani lazima ipande kwa miguu. Meneja akasema vizuri, aende juu kuanzia leo, na mimi nishike ukumbi wote wa chini peke yangu.

Hilo la pili sikulitegemea.

Nimetembea hadi miguu imekosa adabu. Meza zake na zangu, zote juu yangu. Na yeye je? Nilipopata nafasi nikachungulia ngazini nione anavyoteseka. Nimemkuta amesimama ukingoni mwa ngazi kwa nusu ya nyayo, ameshika reli ya ngazi, anashusha visigino polepole chini ya kipandio na kuvipandisha. Anatabasamu! Nikamuuliza anacheza nini. Akasema anavuta misuli, na kwamba kazi ya ngazi imemfaa, aliyemfikiria kwa hili Mungu ambariki.

Nimeitikia amina. Ningefanyaje?

Basi sasa ni mazoezi tu. Kila jioni niko nyuma ya nyumba na trei na glasi za maji. Jana nimefanya mara dufu ya juzi, leo mara dufu ya jana. Nimenunua pia viatu vipya, vyembamba, ncha kali, ngozi inang'aa. Vinabana, lakini ukisimama karibu na Springi na vile viatu vyake bapa, watu wataona nani ni mkuu na nani ni mbeba sahani. Kigimbi kinarukaruka chenyewe hata nikiwa nimekaa. Nadhani ni nguvu inaingia.


Alhamisi, 13 Machi

Nimeona kitu.

Korido yetu ina ukuta mmoja mrefu wenye chokaa nyeupe, unapita mbele ya mlango wangu hadi mbele ya mlango wa Springi. Nilikuwa nafuta vumbi la viatu vyangu vipya jua likiingia ubavuni, nikaona alama za viganja ukutani. Mlangoni kwa Springi kabisa! Viganja vikubwa viwili, usawa wa kifua. Na pembeni yake viganja vidogo viwili, vina mng'ao wa mafuta.

Mafuta ya nywele. Mke wangu ni msusi, mikono yake haikauki mafuta yale. Nikasema hapana, wasusi ni wengi mjini. Nikasogea. Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kimepinda kwa nje. Mke wangu alivunjika kidole kile utotoni na kiliunga vibaya. Nimekiona kidole hicho kila siku ya ndoa yangu.

Nimejaribu kufikiria sababu njema ya mke wa mtu kuegemea ukuta wa Springi, ubavuni mwa Springi, mara nyingi hadi alama zikakolea. Sikuipata. Nimekwenda kazini nimemimina chai kwenye bakuli la sukari.

Sijamuuliza. Nikimuuliza sasa nitaonekana mtu mwenye wivu. Nitamuuliza nikiwa nimevaa koti. Mume mwenye vifungo vya shaba anajibiwa kwa heshima.

Jioni hii mazoezi mara tatu ya jana. Sijanywa maji, sijala vizuri. Wivu umenijaza hadi hapa.


Jumamosi, 15 Machi

Nimelipata koti! Niandike ilivyokuwa, kabla wengine hawajaanza kuongeza chumvi.

Familia zote zilikuja bustanini. Mke wangu alikaa mstari wa mbele na watoto. Meneja akapuliza filimbi. Tukatoka mlango wa jikoni bega kwa bega, mimi na viatu vyangu vya ncha, yeye akidunda. Hadi getini nilikuwa mbele. Naapa nilikuwa mbele.

Tulipoanza kuzunguka bustani, kigimbi kikanishika. Mchana kweupe! Hakikuwahi kunishika mchana. Mguu ukakunjika, nikaanguka chali kwenye nyasi. Lakini mimi ni mhudumu wa kweli. Nimeanguka mwili, trei imebaki juu, mkono umenyooka, hata tone halikumwagika. Bustani nzima ikasema aaah.

Springi alikuwa ameshanipita. Akageuka. Akaweka trei yake chini kwenye nyasi, akaja mbio, akanivua kile kiatu, akaninyoosha goti na kuvuta vidole vyangu kuelekea kwangu, taratibu, huku akinisugua shavu la mguu na kuniambia bro, pumua, usiukunje, unaachia sasa hivi. Na kweli ukaachia. Maumivu yakatoka.

Na mimi, ndugu shajara, nikiwa bado chali, mguu wangu uko mikononi mwake, nikapaza sauti nikamwambia meneja: trei yake imegusa chini! Ametoka!

Meneja akanitazama muda mrefu. Nikainuka, nikatembea na kiatu kimoja hadi mlango wa jikoni, nikafika na maji yangu yote. Hakuna aliyepiga makofi. Springi alipofika nyuma yangu mkono mtupu, wakapiga makofi hadi ndege wakaruka. Kwa mtu aliyeshindwa! Sielewi watu hawa.

Meneja akasema kanuni ni kanuni na alizitoa mwenyewe. Akanipa koti bila kunitazama. Nilipogeuka kumwonyesha mke wangu, alikuwa ameinama anamfunga mtoto kamba ya kiatu. Mtoto alikuwa amevaa ndala.


Jumapili, 16 Machi

Koti linabana kwapani. Kazi yenyewe ya mkuu wa ukumbi ni kusimama mlangoni. Kusimama tu! Kutwa, juu ya marumaru, unainamisha kichwa. Springi anapita na trei yake, anazungukazunguka, anapunga upepo. Nimemwonea wivu mchana mzima.

Jioni nikaingia nyumbani na koti mwilini, nikamsimamisha mke wangu koridoni, nikamwonyesha vile viganja. Nikamuuliza ni vya nani.

Akacheka. Halafu akaacha kucheka. Akasema ni vyake, na alidhani namuuliza kwa kuwa hatimaye nimeona. Akaweka viganja palepale kwenye alama, mguu mmoja mbele umekunjwa goti, mwingine nyuma umenyooka, kisigino chini kabisa, akaegemea ukuta. Akakaa hivyo kidogo, akabadilisha mguu. Akasema anafanya hivi kila siku kabla ya kulala, kwa sababu naye hubanwa na misuli usiku. Anasimama saluni anasuka kutwa kama mimi ninavyosimama hotelini.

Nikamuuliza amekuwa akibanwa tangu lini. Akasema tangu mwaka wa kwanza wa ndoa.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema aliniambia, na kila alipoanza habari ya mguu wake mimi nilimalizia na habari ya wangu. Akaacha. Akawa akishikwa anauma mto asiniamshe. Springi halali naye kitanda kimoja, lakini ndiye aliyemwona asubuhi moja bombani anachechemea, akamuuliza ana nini, akamwonyesha mbele ya kila mtu, pale mlangoni kwake, namna ya kuegemea ukuta.

Nimekwenda chumba cha watoto nikautazama ule mto, na pembeni, chini ya foronya, kitambaa kina alama za meno. Za zamani na za zamani zaidi. Na mimi niliyekuwa nikijiona ndiye mgonjwa wa nyumba hii.

Nimemwomba anifundishe na mimi. Akanitazama kama anapima kitambaa. Akasema sawa, ila taratibu, kila siku, na maji ninywe, na vile viatu nivitupe. Nikamuuliza yeye mara ya mwisho kubanwa ni lini. Akasema mwezi huu wote hajabanwa hata mara moja.

Mwezi mzima! Hajaniambia! Amenizidi hata hapo.


Jumanne, 18 Machi

Siku mbili ninaegemea ukuta na mke wangu jioni. Ninakunywa maji kazini, potelea mbali hizo meza. Blanketi langu la kitandani nimelilegeza. Viatu nimempa mpishi. Na nimelala! Nimelala usiku wote kama gogo, miguu imetulia. Leo nilipotoka kazini nimekuta mto umerudi kitandani kwangu. Umewekwa upande wake, umekung'utwa vizuri. Nimekaa karibu nao muda, sikutaka hata kuugusa. Nimefurahi kuliko siku ya koti.

Halafu nikaona mwenye nyumba amepaka korido chokaa mpya. Alama zote zimefutika. Ukuta mweupe, safi, haujaguswa na mtu. Na jioni Springi atatoka mlangoni kwake kuegemea, na viganja vyake vitakuwa vya kwanza, tena juu kuliko vya wote, maana jamaa ni mrefu. Kila siku nipite chini ya mikono ya Springi? Mimi, mkuu wa ukumbi?

Nimechukua kiti. Nimechovya kiganja kwenye kopo la mafuta ya nywele. Nikapanda, nikasimama kwa ncha za vidole, nikajinyoosha, nikajinyoosha zaidi. Nikapiga kiganja ukutani, karibu na dari. Pa!

Kigimbi kikanishika palepale.

Nimeanguka na kiti. Mke wangu akatoka mbio, akaninyoosha goti, akanivuta vidole. Springi naye akatoka, akaokota kiti, akauliza bro, uko salama. Mke wangu akaniuliza nilikuwa nafanya nini kule juu. Nikamwambia nilikuwa navuta misuli kama alivyonifundisha. Akautazama mkono wangu unaong'aa mafuta. Akautazama ukuta. Ameingia chumbani, ametoka na mto wake kwapani, amekwenda zake kwa watoto, na blanketi langu.

Naandika mguu ukiwa juu ya stuli. Mlango wa watoto umefungwa. Springi yupo koridoni anaegemea ukuta wake, namsikia anavyopumua kwa raha.

Lakini kiganja changu kiko juu. Chake hakifiki pale hata aruke.